Mahame yaliyoitwa nchi tupu: Kilindini, reli na ujio wa walowezi

KATIKA pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa, kando ya hori la Mbaraki, umesimama mnara wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye uwazi ndani. Ubavuni mwake pana msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria kuwa ulijengwa mara ya kwanza katika karne ya 15.

Mnara huo ulikuwa umesimama kwa zaidi ya karne moja wakati Waingereza walipoanza kuteremsha vyuma vya reli na mataruma katika bandari jirani ya Kilindini mwaka 1896. Kutoka hapo ilianza safari ya kuingia bara ambayo, katika muda usiozidi miaka 20, ilibadilisha umiliki wa mamilioni ya ekari katika nchi ambayo leo inaitwa Kenya.

Safari hiyo inafanana kwa mengi na ile ya Wamarekani weupe ambao, katika karne ya 19, waliondoka mashariki mwa nchi yao wakaelekea magharibi kutafuta mashamba, malisho na dhahabu. Huko na huku palikuwa na reli, mikataba iliyovunjwa na wenyeji waliosukumwa kando. Lakini jambo linalofanana zaidi ni lile lililotangulia hayo yote: ardhi ilitangazwa kuwa tupu, kisha ikagawanywa.

MJI KABLA YA BANDARI

Jina Kilindini latokana na kina kirefu cha maji ya mlango huo wa bahari. Kabla ya kuwa jina la bandari, lilikuwa jina la mji na la watu wake, Wakilindini. Hao, pamoja na Wachangamwe na Watangana, ndio wanaoitwa Thelatha Taifa. Wakiunganishwa na wenzao wa Tisa Taifa, hufanya makabila 12 ya Waswahili wa Mombasa.

Mji wa Kilindini ulikuja kuhamwa, na watu wake wakajumuika na wenzao katika Mji wa Kale upande wa pili wa kisiwa. Yaliyosalia ni magofu, makaburi na mnara. Hata hivyo wenyeji hawakupasahau. Kwa vizazi kadhaa waliendelea kufika mnarani kuomba dua, kufukiza ubani na kunyunyiza marashi.

Kiswahili kina neno mahsusi kwa mahali kama hapo, nalo ni mahame. Mahame hayana watu, lakini yana wenyewe. Mwenye kuyapita huuliza yalikuwa ya nani, na aghalabu hupatikana mzee wa kumjibu. Sheria zilizoletwa na wakoloni hazikuwa na neno la namna hiyo. Kwazo, ardhi isiyolimwa au isiyokaliwa siku ile afisa alipoipita ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika Mashariki Julai 1, 1895. Desemba mwaka huohuo ilitia saini mkataba na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, wa kuusimamia ukanda wa pwani wa maili 10 kwa niaba yake na kwa malipo ya kila mwaka. Mkataba huo haukupokewa na wote kwa moyo mmoja. Sheikh Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui wa Gazi, aliongoza vita dhidi ya Waingereza mwaka 1895 na 1896 hadi alipokimbilia upande wa Wajerumani.

RELI NA DENI LAKE

Bandari ya zamani ya Mombasa, inayotazamana na Mji wa Kale, ilifaa majahazi. Meli kubwa zilizobeba vyuma na mitambo zilihitaji maji ya kina zaidi, na ndiyo sababu Kilindini ikachaguliwa kuwa mwanzo wa njia ya reli. Kazi iliyosimamiwa na mhandisi mkuu George Whitehouse ilianza mwaka 1896. Reli ikavuka Makupa kwa daraja lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, ikaingia nyika ya Taru isiyokuwa na maji.

Mwaka 1898 kazi ilikwama kwa muda Tsavo kwa sababu ya simba waliokuwa wakila vibarua. Mei 1899 reli ikafika mahali ambapo baadaye pakawa jiji la Nairobi, na Desemba 1901 ikafika ufuo wa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu. Urefu wake wote ulikuwa takriban kilomita 930.

Waliofanya kazi hiyo kwa wingi walitoka Bara Hindi. Karibu watu 32,000 waliletwa kwa kandarasi, na yapata 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa na ajali. Wengi walirudi kwao, lakini zaidi ya 6,000 walibaki.

Reli iliigharimu Serikali ya Uingereza zaidi ya pauni milioni 5. Fedha hizo zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, na bunge lao lilitaka kujua zingerudi vipi. Nchi ambamo reli ilipita haikuwa na mizigo ya kutosha kuilisha. Kamishna wa himaya kutoka mwaka 1901, Sir Charles Eliot, aliona jawabu moja tu: kuwaita Wazungu waje walime katika nyanda za juu, ili mazao yao yabebwe na reli hadi Kilindini.

Ukanda wa maili moja kila upande wa njia ulikuwa tayari umetengwa kwa ajili ya reli katika miaka ya mwanzo ya ujenzi. Mwaka 1902 mpaka kati ya Uganda na himaya ya Afrika Mashariki ulisogezwa, hivi kwamba Bonde la Ufa na nchi ya Nyanza zikaingia upande wa Kenya. Reli yote, pamoja na ardhi iliyopitiwa nayo, ikawa chini ya utawala mmoja.

MFANO WA MAREKANI

Wamarekani walikuwa wamekwisha kuipita njia hiyo. Mei 20, 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa kila mkuu wa nyumba haki ya kupata ekari 160 za ardhi ya Serikali, mradi akae humo na kulima kwa miaka 5. Kwa sheria hiyo, katika muda wa miaka zaidi ya 100, takriban ekari milioni 270 ziligawanywa kwa familia zipatazo milioni 1.6. Hiyo ni karibu sehemu moja katika kumi ya nchi yote ya Marekani.

Mwaka huohuo wa 1862 likaamuliwa suala la reli ya kuunganisha bahari mbili. Kampuni zilizojenga reli za magharibi zililipwa kwa ardhi. Zilipewa takriban ekari milioni 130 kandokando ya njia zao, nazo zikaziuza kwa walowezi, ambao nao walihitaji reli ili kusafirisha ngano na ng'ombe. Reli mbili zilikutana katika jimbo la Utah Mei 10, 1869.

Walioitwa na matangazo ya ardhi ya bure hawakuambiwa ilikuwa ya nani. Mwaka 1830 bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini-mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Katika uhamisho wa Wacherokee mwaka 1838 na 1839, inakadiriwa kwamba watu 4,000 kati ya 16,000 walikufa. Walioahidiwa makazi mapya magharibi walikuja kuhamishwa tena, kwa kuwa walowezi waliwafuata hadi huko. Aprili 22, 1889, sehemu ya nchi ya Oklahoma ilifunguliwa kwa mlio wa bunduki, na maelfu ya watu wakakimbia kwa farasi na magari kwenda kuchomeka vijiti vya mipaka.

Sheria nyingine, ya mwaka 1887, iligawanya ardhi ya pamoja ya makabila katika viwanja vya mtu mmoja mmoja na kuuza ile iliyoitwa ziada. Makabila yaliyokuwa na ekari milioni 138 mwaka huo yalibaki na ekari milioni 48 mwaka 1934.

SOTOKA, NDUI NA UKAME

Waingereza waliopita nyanda za juu za Kenya mwishoni mwa karne ya 19 waliandika kwamba waliona nchi nzuri isiyo na watu. Kwa sehemu, macho yao hayakuwadanganya. Kilichokosekana ni swali la kwa nini.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Wamaasai, ambao maisha yao yote yalitegemea mifugo, waliathirika vibaya zaidi. Ukafuata ndui, kisha ukame na njaa kali ya mwaka 1898 na 1899, ambayo iliwapata pia Wakikuyu na Wakamba. Wengi walikufa, na wengine waliacha mashamba yao ya mpakani wakaenda kuishi kwa jamaa zao. Reli ilipofika, ilikuta mahame ya watu waliotarajia kurudi.

Huko Marekani vilevile ndui na magonjwa mengine yalitangulia mbele ya walowezi, na makundi ya nyati waliokuwa chakula cha makabila ya nyikani yalimalizwa na wawindaji katika miaka ya 1870 na 1880. Nchi iliyokuwa imepoteza watu na wanyama wake ikaonekana kama iliyoumbwa hivyo.

SHERIA ZA KARATASI

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa kamishna uwezo wa kuuza ardhi na kuikodisha kwa miaka 99. Taji hapa ni Serikali ya mfalme wa Uingereza. Kanuni za mwanzo za kuwavutia walowezi wadogo zilitumia kipimo kilekile cha ekari 160 kilichotumika Amerika Kaskazini. Wakubwa walipata zaidi ya hapo. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, na kampuni moja ya London ikapewa maili 500 za mraba katika Bonde la Ufa.

Sheria mpya ya mwaka 1915 ilikwenda mbali zaidi. Miaka 99 ikawa 999, na ardhi iliyokaliwa na Waafrika ikatajwa wazi kuwa nayo ni mali ya Taji. Mwaka 1920 himaya ikageuzwa kuwa koloni, isipokuwa ule ukanda wa pwani uliobaki kuwa himaya kwa jina la Sultani. Mwaka uliofuata mahakama iliamua, katika kesi ya Wakikuyu wawili waliogombania shamba, kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Taji, ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote. Wakulima waliolima shamba la babu zao wakajikuta hawana haki ya kulidai hata mbele ya jirani yao.

Kwa njia hiyo zilipatikana zile nyanda za Wazungu zilizofikia takriban ekari milioni 7. Waafrika walitengewa sehemu zao zilizoitwa rizavu. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1932 na 1934, iliithibitisha mipaka hiyo.

MIKATABA YA WAMAASAI

Hakuna mahali ambapo mfano wa Marekani unaonekana wazi kuliko katika habari za Wamaasai. Agosti 10, 1904, Laibon Olonana na wazee wengine walitia alama zao katika mkataba wa kuacha malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli. Walipewa rizavu mbili, moja Laikipia kaskazini na nyingine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba hizo zingekuwa zao madhali Wamaasai wangali wapo duniani.

Ahadi hiyo ilidumu kwa miaka isiyofika 7. Laikipia nayo ilitamaniwa na walowezi, na Aprili 1911 ukatiwa saini mkataba wa pili uliowataka Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini. Watu wapatao 10,000, pamoja na ng'ombe, kondoo na mbuzi wao, walihamishwa katika safari zilizoendelea hadi mwaka 1913. Kiongozi wao Ole Gilisho alipinga, na wazee wakaajiri mawakili na kwenda mahakamani.

Mei 1913 Mahakama Kuu ya himaya iliitupilia mbali kesi hiyo bila kupima kama mkataba ulikuwa wa haki. Hoja ilikuwa kwamba Kenya ilikuwa himaya, si koloni, hivyo Wamaasai hawakuwa raia wa mfalme bali taifa la kigeni. Mkataba wao na Uingereza ulihesabiwa kuwa mapatano kati ya mataifa mawili, na mahakama ya kawaida haikuwa na mamlaka ya kuyaamua.

Miaka 82 kabla ya hapo, mwaka 1831, Wacherokee walikuwa wamepeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya jimbo la Georgia. Nao waliambiwa kwamba mahakama haikuwa na mamlaka ya kuwasikiliza, ila kwa sababu iliyo kinyume kabisa: kwamba wao hawakuwa taifa la kigeni. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo, katika kesi nyingine, iliamua kwamba Georgia haikuwa na mamlaka juu ya nchi ya Wacherokee. Uamuzi huo haukuwazuia kuhamishwa.

Mmoja alishindwa kwa kuwa mgeni, mwingine kwa kutokuwa mgeni. Ardhi za wote wawili zilichukuliwa.

VITA VYA WANANDI

Waliokataa karatasi walikabiliwa kwa bunduki. Wanandi walipigana na Waingereza kwa takriban miaka 10, wakishambulia misafara, kung'oa vyuma vya reli na kuchukua nyaya za simu. Masimulizi yao yanasema kwamba ujio wa nyoka wa chuma atemaye moshi ulikuwa umetabiriwa na Kimnyole, aliyekuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho.

Oktoba 19, 1905, mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwa mazungumzo na afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen, naye akauawa hapo kwa risasi. Baada ya hapo Wanandi waliondolewa katika sehemu ya ardhi yao iliyokuwa karibu na reli.

Katika nyanda za Dakota mambo yalikuwa yamekwenda vivyo hivyo. Mkataba wa mwaka 1868 uliwahakikishia Walakota milima ya Black Hills. Dhahabu ikagunduliwa humo mwaka 1874, na miaka mitatu baadaye milima hiyo ikachukuliwa. Sitting Bull, kiongozi wao mashuhuri, aliuawa Desemba 1890 alipokuwa akikamatwa. Wiki mbili baadaye askari waliwaua wanaume, wanawake na watoto wa Kilakota Wounded Knee.

WALIOJENGA NA KUNYIMWA

Wachina walioijenga sehemu ngumu ya reli ya Marekani, ile ya kuivuka milima ya Sierra Nevada, walihesabiwa kwa maelfu. Mwaka 1882 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini.

Wahindi wa Kenya walitendewa jambo la namna hiyo. Waliruhusiwa kufungua maduka kando ya reli na kuajiriwa na Serikali, lakini wakanyimwa mashamba katika nyanda za juu. Msimamo huo ulithibitishwa mwaka 1908 na waziri wa makoloni, Lord Elgin. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara ambaye kampuni yake iliihudumia reli tangu mwanzo, aliupinga ubaguzi huo kwa miaka mingi, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika baraza la kutunga sheria.

ROOSEVELT AFIKA KILINDINI

Ufanano huu haukuwapita watu wa wakati huo. Aprili 21, 1909, meli iliyomchukua Theodore Roosevelt ilitia nanga Mombasa. Wiki chache kabla alikuwa rais wa Marekani. Katika ujana wake alifuga ng'ombe Dakota, na alikuwa ameandika kitabu chenye juzuu 4 juu ya namna Wamarekani walivyoitwaa nchi ya magharibi.

Roosevelt alipanda reli kuelekea bara akiwa ameketi katika kiti kilichofungwa mbele ya injini, ili aione nchi na wanyama wake. Alizifananisha nyanda alizoziona na zile alizozijua kwao, akawasifu walowezi na kuiona nchi ya juu kuwa yafaa kwa makazi ya Wazungu. Miongoni mwa wenyeji wake alikuwa Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, aliyekuwa na shamba kubwa Juja. Jina lake limebaki hadi leo katika maktaba ya McMillan jijini Nairobi.

Mwaka mmoja kabla ya Roosevelt, bandari ileile iliwapokea Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walipanda reli hadi Nakuru, kisha wakafunga maksai kwenye magari ya miti na kupanda mteremko mkali wenye matope hadi uwanda wa Uasin Gishu. Nchi hiyo ilikuwa ya Wamaasai wa Uasin Gishu, waliovunjwa nguvu kwa vita vya karne ya 19, na kisha malisho ya Wanandi. Waingereza walikuwa wamewahi kuitoa, mwaka 1903, iwe makazi ya Wayahudi wa Ulaya, nao baadaye wakaikataa. Mji uliozaliwa hapo, Eldoret, kwa muda mrefu uliitwa 64, kutokana na namba ya shamba ulipoanzia.

PWANI NA SHERIA YA 1908

Wakati nyanda za juu zikigawanywa, Pwani ilikuwa na tatizo la aina yake. Kwa kuwa palikuwa na mkataba na Sultani, Waingereza walitambua kwamba watu binafsi waliweza kumiliki ardhi humo. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai kipande cha ardhi katika ukanda huo apeleke madai yake yaandikwe na kuamuliwa. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikawa ya Taji.

Sheria hiyo ilimfaa aliyekuwa na karatasi, aliyejua kusoma, aliyekuwa na fedha za wapimaji na aliyezijua njia za mahakama. Baadhi ya Waarabu, Waswahili na Wahindi walipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuandikwa popote, wengi wao waliachwa nje. Vivyo hivyo waliokuwa watumwa, ambao utumwa wao ulifutwa kisheria mwaka 1907 na ambao walilima mashamba yasiyokuwa yao.

Kutokana na hayo ilizaliwa hali inayojulikana na kila mkazi wa Mombasa: mtu kujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine na kulipa kodi ya kiwanja. Aidha, maelfu ya familia kutoka Kwale hadi Kilifi zimeitwa maskwota mahali walipozikwa mababu zao. Sheria ya mwaka 1908 ilifutwa mwaka 2012, lakini hati zilizotolewa kwayo hazikufutika pamoja nayo.

TOFAUTI ZA MISINGI

Pamoja na mifanano hiyo, zipo tofauti mbili ambazo ziliamua mwisho wa kila upande.

Kwanza ni idadi. Marekani ilipokea mamilioni ya wahamiaji kutoka Ulaya, na ilipofika mwaka 1890 ofisi yake ya sensa ilitangaza kwamba haukuwapo tena mstari wa kutenganisha nchi iliyokaliwa na isiyokaliwa. Wazungu wa Kenya, hata walipokuwa wengi zaidi karibu na uhuru, hawakuzidi watu 60,000 hivi katikati ya Waafrika milioni kadhaa.

Pili ni kazi. Mlowezi wa Marekani alitaka ardhi bila mwenyeji, na aghalabu alilima mwenyewe na jamaa yake. Mlowezi wa Kenya alitaka ardhi na alimtaka mwenyeji pia, awe kibarua. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1901, kipande kilichofuata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na sheria ya mwaka 1918 ya kuwadhibiti wakazi wa mashamba, zote zilikuwa na kusudi la kumtoa Mwafrika kwake akafanye kazi shambani mwa mwingine. Aliyekuwa mwenye nchi alibaki ndani ya nchi, akiitazama kila siku. Madai ya ardhi yakawa kiini cha vita vya Mau Mau vilivyoanza mwaka 1952 na vya uhuru uliopatikana Desemba 12, 1963.

MADAI YASIYOKWISHA

Ardhi iliyochukuliwa kwa karatasi ni vigumu kurudishwa, kwa kuwa karatasi hupita mikono mingi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Black Hills zilichukuliwa isivyo halali, na kwamba Walakota na wenzao walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wenyewe wameendelea kuzikataa fedha hizo wakisema wanataka milima yao.

Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Olonana, Wamaasai waliandamana na kuingiza mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia wakidai muda wa kukodisha umekwisha. Polisi waliwafukuza, na mzee mmoja akauawa. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa, miongoni mwa kazi zake, uchunguzi wa dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Katiba hiyohiyo ilipunguza hati za wageni za miaka 999 kuwa za miaka 99.

Huko Likoni, ng'ambo ya maji kutoka Mbaraki, maelfu ya wakazi wa shamba moja kubwa walianza kupewa hatimiliki mwaka 2016, baada ya Serikali kulinunua shamba hilo kutoka kwa mmiliki wake. Wakazi nao walitakiwa kulipia viwanja vyao. Baadhi walilalamika kwamba walikuwa wakiuziwa ardhi waliyokuwa wakiishi.

Mnara wa Mbaraki wenyewe haumo katika mgogoro. Umehifadhiwa kwa mujibu wa sheria za mambo ya kale, na msikiti ulio ubavuni mwake unajulikana. Lakini katika sehemu nyingi za nchi, mahame ya zama za reli hayana mnara wa kuonyesha palikuwa pa nani. Kilichobaki ni majina ya mahali, makaburi na kumbukumbu za wazee, na hizo ndizo ushahidi ambao tume na mahakama zimetakiwa kuupima mbele ya hati zilizopigwa mihuri.